Kafuri na Mji wa Vioo

Bi Kanta alipofariki, mpwa wake alituomba mimi na Mama tumsaidie kutoa vitu kwenye fleti yake pale Tottenham, London, kabla halmashauri ya mji haijachukua funguo. Tulikwenda Jumamosi asubuhi na mifuko mikubwa myeusi. Mama akaingia jikoni, mimi nikaanza na kikabati cha mbao cha sebuleni, pale alipokuwa akiweka sanamu za miungu yake. Sanamu zilikuwa zimeshachukuliwa, lakini nilipofungua mlango ikanitokea harufu ya kafuri, kali na ya baridi, ikanipanda puani mpaka machoni. Na mimi, mtu mzima mwenye watoto na deni la nyumba, nikakaa chini juu ya zulia.

Wenzangu wa rika langu wana harufu zinazowakumbusha mapishi ya bibi zao. Yangu inanikumbusha majira yale niliyokuwa najiandaa kufa, nikiwa na miaka tisa.

"Nini tena huko?" Mama akauliza kutoka jikoni.

"Kafuri."

"Basi fungua dirisha," akasema, akaendelea kufunga vikombe kwenye magazeti.

Siku zile sisi tulikaa ghorofa ya juu na Bi Kanta chini yetu, ngazi moja tu katikati. Baba alikuwa ameshahamia Leicester na kuanza maisha mengine. Mama alifanya kazi ya kulea wazee kwenye nyumba moja kule Edmonton, shifti za mchana na za jioni, na mimi nikitoka skuli nilipokelewa na Bi Kanta. Alikuwa Mhindi wa Unguja, mzaliwa wa mtaa wa Mkunazini. Marehemu mumewe alikuwa sonara aliyezaliwa Bhuj, mji wa kale kule Kachi nchini India, akaletwa Unguja akiwa kijana. Kiswahili cha Bi Kanta kilikuwa cha mjini hasa, cha zamani, kiasi kwamba Mama mwenyewe alikuwa akisahihishwa. Nikimjibu kwa Kiingereza hujifanya kiziwi. "Sisikii mie," husema. "Masikio yangu ya Unguja haya." Basi njaa ikinibana nilikumbuka Kiswahili chote.

Alikuwa akivaa sari nyeupe kila siku, kwa kuwa ni mjane. Akinipa chapati ya moto na kipande cha sukari guru, hukaa mbele yangu na kuanza habari za Bhuj, alikoishi miaka michache alipoolewa. Alisema kuna kasri la vioo, kuta zimejaa vioo kuanzia chini mpaka juu, ukiwasha mshumaa mmoja unaona mishumaa isiyohesabika. Kuna ukumbi ambao mfalme alikuwa akikaa katikati juu ya jukwaa, maji yamemzunguka pande zote, yanaruka na kumpoza. Kuna kasri jingine lenye mnara mrefu, na mahekalu kila ukipinda kona, na ziwa katikati ya mji. Mwisho wa habari huvuta pumzi, akatazama dirisha lililolowa mvua, akasema, "Huko ndiko kwetu, mwanangu. Mwisho wa yote mtu hurudi kwao."

Kila jioni, kabla Mama hajaja kunichukua, aliwasha kipande cha kafuri kwenye kisahani cha shaba mbele ya miungu yake, akakizungusha taratibu huku akinong'ona. Mimi nilikuwa nakwenda kusimama mlangoni, karibu na kitasa. Alidhani ni adabu tu. Kumbe nilikuwa najiweka tayari kukimbia.

Maana nyumbani kwetu kafuri ilikuwa na kazi moja. Mama alikuwa mmoja wa wanawake wanaoitwa msikitini pakitokea msiba wa mwanamke, kwenda kuosha maiti. Juu ya kabati lake palikuwa na mfuko wenye pamba, kitambaa cheupe na pakiti ya kafuri, na mimi nilikatazwa kuugusa. Alikuwa akirudi hanikumbatii mpaka aoge, na hata akishaoga harufu ile ilibaki kwenye nywele zake. Hakuna aliyenieleza lolote, lakini mtoto si jiwe. Nilijua kafuri wanatiwa watu wanaoondoka wasirudi.

Sasa chuoni, pale tulipokuwa tukisomea Kurani juu ya duka la simu, mwalimu akatusomesha habari za pepo. Akasema huko kuna makasri, na mito inapita chini yake, na watu wamekaa juu ya viti vya enzi, hawaoni jua kali wala baridi. Wenzangu walikuwa wakitazama saa. Mimi niliganda. Makasri, maji, kiti cha enzi katikati: hiyo si Bhuj hiyo? Na bibi wa watu anavaa nyeupe, anajifukiza kafuri kila jioni, na anasema mwisho wa yote mtu hurudi huko. Nikaenda kuitazama ramani ya India darasani. Delhi niliiona, Mumbai niliiona. Bhuj haikuwemo. Hapo nikaacha kubahatisha, nikajua.

Kwa siku kadhaa nilimhurumia Bi Kanta tu. Nikawa nambebea mifuko, nazima televisheni mapema ili apumzike. Halafu mambo yakaanza kunigeukia mimi.

Kwanza Mama alinivalisha gauni jipya la pamba, jeupe, akanizungusha mbele ya kioo na kuvuta mabega. "Limempwaya kidogo, lakini litafaa," akamwambia Bi Kanta, ambaye alikuwa amepanda kuja kutazama. Halafu nikapelekwa kupigwa picha ndogo, mwenye duka akaniambia nisicheke. Halafu nikapelekwa kuchomwa sindano wakati siumwi. Nilipouliza ni za nini, Mama akasema, "Za kukukinga," asiseme na nini. Likizo ya kiangazi ilikuwa imekaribia, watoto wote darasani wanataja watakakokwenda, mimi nikiulizwa nasema sijui.

Lazima niseme hapa kwamba kwetu safari haitangazwi. Mama aliamini safari ikisemwa huvunjika, kwa jicho la mtu mmoja tu. Tulipokwenda Unguja mara ya kwanza, niliambiwa siku hiyohiyo nikiwa navaa viatu, nikidhani tunakwenda sokoni. Kwa hiyo ukimya wa Mama haukunishangaza. Kilichonitisha ni kwamba nguo zilikuwa zangu peke yangu. Sanduku lilikuwa moja. Yeye hakujinunulia hata kandambili.

Nikaanza kumchunguza. Alinisuka nywele polepole mno. Alinikumbatia hadi nikahisi moyo wake unavyokwenda. Siku moja nilikuwa nateremka ngazi nikasikia mlango wa Bi Kanta uko wazi na wao wawili wanazungumza kwa sauti ya chini.

"Mwambie mtoto, Zuhura," Bi Kanta alikuwa anasema.

"Siwezi, Bi Kanta. Mdogo yule. Na hata Unguja sijawaambia, mama yangu atapiga kelele mtaa mzima ujue."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Nilishikilia ukingo wa ngazi. Neno moja tu nililibeba kurudi nalo juu, na neno lenyewe lilikuwa kifo. Nikajitazama mwili mzima bafuni kutafuta ugonjwa wangu. Nilikuwa na alama ya mbu na goti lililochubuka. Nikaona labda upo ndani, ndiyo maana ya sindano zile.

Mtoto akiogopa hutafuta dawa yake mwenyewe. Mimi niliona kama gauni halitanitosha, sitapelekwa. Nikala. Nikaomba chapati ya pili na ya tatu, nikamaliza wali mpaka ukoko, nikanywa maziwa ambayo nilikuwa nikiyachukia. Bi Kanta alifurahi mno. "Mtoto kapata hamu, Mungu ashukuriwe," akamwambia Mama. Mama naye akanipima, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na kesho yake akarudi na gauni kubwa zaidi. Nililia chooni kwa hasira.

Ndipo nikajikaza nikamuuliza Bi Kanta mwenyewe, akiwa anageuza chapati.

"Bi Kanta, watu wakienda Bhuj wanarudi?"

"Wengine wanarudi, wengine hawarudi," akasema bila kunitazama. "Mji mtamu ule. Ukishauzoea utaona London ni gereza."

"Na Mama je?"

Hapo kijiko kikasimama. "Mama atakuona tena, inshallah," akasema. "Akijaaliwa." Akanipa chapati yenye samli nyingi kuliko kawaida, na mimi nikaishika mkononi mpaka ikapoa.

Sanduku lilikuwa limewekwa ukumbini kwetu, nyuma ya mlango. Jumamosi moja Mama akiwa kazini na Bi Kanta amesinzia kwenye kochi, nilipanda na ufunguo wangu, nikalifungua. Juu kabisa palikuwa na gauni jeupe, limekunjwa vizuri. Katikati ya mikunjo yake palikuwa na vipande vya kafuri.

Sikulia. Nilifunga zipu, nikarudi chini, nikakaa miguuni pa Bi Kanta nikitazama katuni zisizo na sauti. Nilikuwa najiuliza ni nani ataniosha. Nikaona itakuwa Mama, maana ndiyo kazi yake, na nikajifariji kwamba angalau atakumbuka kuyapasha maji moto.

Siku Mama alipolipima sanduku, nilikuwa nimeshajua la kufanya. Alikuwa amelivuta mpaka juu ya ngazi, ameleta mizani ya bafuni, anahangaika kulisimamisha huku amejishika ubavu. Bi Kanta alikuwa chini mlangoni kwake anatoa amri: "Lisimamishe wima, Zuhura! Wima!" Mimi nikapita, nikalikalia.

"Shuka hapo, mwanangu."

"Sishuki."

"We mtoto, hebu shuka nisije nikakuchapa."

"Nichape," nikasema. "Mimi sitaki kwenda peponi."

Mama akaiachia mizani. "Wapi?"

Basi nikamwaga yote kwa mpigo, Kiswahili na Kiingereza pamoja: kafuri, gauni jeupe, sindano, makasri na maji, mji usiokuwepo kwenye ramani, na kifo nilichokisikia mlangoni. Nikamwambia kwamba nitaacha kujibu kwa Kiingereza, nitakunja nguo zangu, nitasoma chuoni bila kusukumwa, asinipeleke tu. Nikamwambia kama ni lazima niende, basi twende wote.

Kule chini Bi Kanta akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi ya kwanza, anajifuta macho kwa pindo la sari. "Bhuj pepo! Ngoja uwaone wale ng'ombe barabarani. Ngoja umwone wifi yangu! Mwanangu, kafuri nimeitia mimi, nguo zisiliwe na wadudu. Na nyeupe ni kwa ajili ya joto la kule."

Mama hakucheka. Alikaa kwenye ngazi ya juu, karibu na sanduku, magoti yake yakagusana na yangu.

"Hapana mtu anayekupeleka kufa," akasema. "Unakwenda kutembea na Bi Kanta, likizo tu. Wewe huumwi."

"Nani anaumwa?"

Akamtazama Bi Kanta. Bi Kanta alikuwa ameacha kucheka.

"Mimi," Mama akasema. "Nina uvimbe tumboni. Nitalazwa, wanipasue, wautoe. Sikuwa na wa kumwachia wewe hapa, na sikutaka kukupeleka Unguja, kila mtu ajue. Kule kwa akina Bi Kanta hapana anayenijua wa kukuuliza."

Raha niliyoipata ilikuwa kubwa, sina haja ya kuificha. Sifi! Mwili wote ukalegea. Ilidumu muda wa kushusha pumzi, halafu nikaelewa nilichoambiwa.

"Kwa hiyo ni wewe unayekwenda?" nikauliza.

Alijua ninauliza wapi. "Inshallah siendi," akasema, akanivuta kifuani, na kwa kuwa hakunijibu ndiyo wala hapana, nikabaki na swali langu mpaka Bhuj.

Mji upo. Nimeuona kwa macho yangu, na kwa kweli Bi Kanta hakudanganya, isipokuwa alisahau kutaja vumbi, honi za pikipiki na ng'ombe aliyelala mbele ya geti la mpwa wake mwingine, tuliyefikia kwake, kama mwenye nyumba. Kwenye kasri la vioo tulikuta mtu anauza tiketi. Tetemeko la ardhi lilikuwa limebomoa upande mmoja wa jengo, na ule ukumbi wa mfalme haukuwa na maji, mfereji wake mkavu, jukwaa lipo peke yake. Vioo vilikuwa vimefifia. Hata hivyo nilijiona ndani yake, wasichana wengi wadogo wenye magauni meupe, kila mmoja ana uso wa mtu anayesubiri habari.

"Umeona?" Bi Kanta akaninong'oneza. "Pepo gani hii ya kukata tiketi?"

Nilicheka kumridhisha. Mawazo yangu yalikuwa London, kwenye kitanda nisichokijua. Simu ilikuwa ikija kwa mpwa wake, na kila ikija nilinyang'anya. "Hujambo Mama? Vipi hali?" Naye hujibu, "Njema, mwanangu, njema kabisa. Umekula?" Alijibu hivyo kabla ya kupasuliwa, akajibu hivyo baada ya kupasuliwa, kwa sauti nyembamba kama inatoka chini ya godoro. Kwetu mtu akiulizwa hali husema njema kwanza, hata akiwa hoi. Nilijua angeniambia njema hata akiwa anakata roho, na kwa hiyo simu zile hazikunipa usingizi.

Bi Kanta alinipeleka kwenye hekalu alilofungia ndoa. Walipowasha kafuri nilitaka kurudi nyuma kama kawaida yangu, akanishika bega. Akapitisha viganja vyake juu ya mwali wa moto, akajipaka joto lake usoni. "Leo nimemwombea mama yako," akasema. Yeye aliomba kwa lugha yake, mimi nikasoma Alhamdu kimoyomoyo, na hapana aliyetugombeza. Mvua zikanyesha, ziwa likajaa hadi kumwagika, watu wakatoka majumbani kwenda kulitazama, wakagawiana ladu tamu barabarani wakipongezana kana kwamba wamezaliwa upya. Mpwa wake akanipa ladu mbili, moja yangu, moja ya mama yangu. Ya Mama niliificha ikaota ukungu.

Tulirudi Heathrow mchana. Nilimsukumia Bi Kanta kitoroli, maana miguu yake ilikuwa imevimba kwa ndege, na kadiri tulivyokaribia mlango wa kutokea nilizidi kupunguza mwendo. Mbele yetu watu walikuwa wakikimbilia wenzao. Nilitafuta buibui la Mama miongoni mwa waliosimama kwenye kizuizi, nikatafuta mara ya pili. Hakuwepo. Bi Kanta naye alikuwa anatafuta. Nilimsikia ananong'ona maneno yale anayoyanong'ona mbele ya miungu.

Kumbe Mama alikuwa amekaa. Kule nyuma, kwenye safu ya viti, mwanamke mwembamba mwenye koti zito wakati wa joto, mkoba wake kwenye kiti cha pembeni. Aliinua mkono tu. Mimi niliyekuwa nikiota kila siku jinsi nitakavyomrukia, nilisimama mbele yake nikashindwa hata kumgusa. Niliogopa nitamvunja.

"Hujambo Mama? Vipi hali?"

"Njema, mwanangu. Njema kabisa. Wamekulisha vizuri huko?"

"Mama," nikasema, "mimi nauliza kweli."

Bi Kanta akageuza uso, akajifanya anahesabu mizigo. Mama alinitazama. Alikuwa na macho makubwa kuliko niliyoyaacha. Nikaona anavyoliandaa tena neno lile, midomo inafunguka, halafu akaliacha.

"Wameutoa," akasema. "Kipande wamekipeleka kupimwa. Majibu bado. Wakisema kibaya, wataanza dawa. Wakisema kizuri, basi. Sijui, mwanangu. Naogopa."

Katika maisha yangu yote hakuna mkubwa aliyewahi kuniambia neno hilo. Nilingoja dunia ianguke pale uwanja wa ndege, mbele ya watu wenye maua na mabango ya majina. Haikuanguka.

"Na mimi naogopa," nikamwambia.

Akauondoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni, nikakaa.